Chura wa Kihansi na Wenye Mali

Bustani kubwa za wanyama huko Marekani zina desturi njema. Mtu hulipa ada, huandikwa mwanachama, kisha hupelekewa habari za wanyama wanaotunzwa. Kwa njia hiyo, mwanachama wa bustani ya Bronx mjini New York, au ya Toledo katika jimbo la Ohio, aweza kuketi nyumbani kwake akasoma habari za chura wa Kihansi. Je, mkulima wa mpunga wa Chita, ambaye milima ya Udzungwa imesimama nyuma ya nyumba yake, yeye amepelekewa nini?

Chura huyo alitambuliwa na wataalamu mwaka 1996. Ni mdogo mno, hata sentimita tatu hafiki, na rangi yake ni ya manjano. Hatagi mayai kama vyura wengine, bali huzaa watoto walio vyura kamili. Makao yake yalikuwa hapo tu penye maporomoko ya mto Kihansi, katika majani yaliyoloweshwa usiku na mchana na rasharasha za maji. Mahali pengine popote duniani hakuonekana.

Lakini maporomoko hayo hayo yalihitajiwa na Taifa. Maji yaangukayo kutoka juu kiasi hicho ni nguvu, na kituo cha Kihansi kilijengwa ili kitoe megawati 180 za umeme. Chura alipotambuliwa, ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza. Maji yalipogeuzwa kuingia katika mitambo, sehemu kubwa ya mto ilikoma kupita bondeni, na rasharasha zikapungua. Yalitandazwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga kazi ya maporomoko, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kwa makubaliano na Serikali yetu.

Mwaka 2003 vyura waliobaki bondeni walikufa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu uuao vyura ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Huko ugenini nako wengi walikufa, mpaka watunzaji walipojifunza chakula na mwanga unaowafaa. Ndipo wakaongezeka hata kufikia maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha Kihansi ikaanza.

Wako waliocheka, wakasema chura ni nini mbele ya umeme. Sisi hatuwalaumu wafanyakazi waliotoboa mwamba, wala hatusemi kwamba taa zizimwe. Kiwanda chahitaji umeme, na hospitali vile vile. Lakini twasema kwamba kosa lilikuwa katika utaratibu: tulianza kuchimba kabla ya kuhesabu kilichokuwapo. Mwenye nyumba asiyejua vilivyomo ghalani mwake hawezi kujua kilichopotea, na gharama ya kukitafuta baadaye huwa kubwa kuliko gharama ya kukilinda mapema.

Fundisho hili halikuishia Kihansi. Mto huo humwagika katika bonde la Kilombero, na maji ya Kilombero huingia Rufiji. Katika bonde hilo anaishi sheshe, mnyama ambaye wengi wetu hatujapata kumwona hata katika picha, na humo humo mna wavuvi, wafugaji na wakulima wanaotafuta riziki. Hatuwezi kumwambia mtu alinde kitu asichokijua, wala kumlaumu kwa kutokipenda kitu ambacho hakuelezwa thamani yake.

Kwa hiyo yafaa habari za viumbe hawa ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, zipelekwe shuleni, katika vyama vya ushirika na matawi ya wafanyakazi, toka Ifakara hata Mlimba. Wananchi wa bonde hili nao wawe wanachama, wasomaji na walinzi. Tena vijana wao wapate elimu ya kuwa wataalamu wa kazi hiyo.

Tuwashukuru wageni waliotutunzia amana yetu ilipokuwa karibu kupotea. Lakini amana ikirudi, mwenyewe hana budi kuijua. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.