Fahamu: Kikwazo cha zege kwenye uwanja wa skeiti hujengwaje?

Mwaka 1990, wachezaji wa skeiti wa Portland, Marekani, walianza kumwaga zege chini ya daraja la Burnside bila kibali. Baadaye jiji likaukubali uwanja wao.

Katika kujenga kikwazo cha aina hiyo, kazi kubwa huja kabla ya zege kumwagwa: kuangalia maji ya mvua yatapita wapi, kushindilia kifusi, kusuka nondo kwa umbo la mteremko na kufunga bomba la chuma ukingoni, pale ubao utakaposugua. Kwenye mwinuko zege liwe zito, lisiporomoke. Fundi hulilainisha kwa mwiko kwa subira, kwani kijiwe kimoja kikikwamisha gurudumu, mtoto huanguka vibaya. Kisha zege humwagiliwa maji. Kwa kawaida nguvu yake hupimwa siku ya 28.

Wachezaji wenyewe waitwe tangu uwanja unapochorwa. Wao ndio wanaojua mwendo unapokatika.