"Mtoto Hajambo?"

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, tunasimuliwa habari za mwanamke wa Shunemu aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Mtoto alilalamika kichwa asubuhi, shambani kwa wavunaji. Kufika adhuhuri amekwisha kufa magotini pa mama yake. Mama yule hakupiga yowe. Alitandikisha punda, akaenda mbio mpaka mlima Karmeli alikokaa Elisha. Nabii alipomwona kwa mbali akamtuma mtumishi wake Gehazi amwulize habari zake, za mumewe na za mtoto. Na mwanamke huyo, ambaye maiti ya mwanawe imelala nyumbani, alijibu kwamba hawajambo.

Sisi watu wa pwani jibu hili twalijua sana. Mtu huulizwa habari za nyumbani, husema njema, njema kabisa, kisha baada ya kitambo ndipo husema, "Ila mtoto tu..." Leo nataka tuzungumze juu ya hiyo "ila", katika nyumba yenye mtoto mwenye saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita, na jinsi simu ya mkononi iwezavyo kuitoa mapema.

Wako wanaodhani kansa ni ugonjwa wa wazee. Sivyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 huipata kila mwaka. Haiambukizi, wala mtoto hakurogwa. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki hata 30. Mojawapo ya kansa hizi imejulikana kwa jina la daktari aliyefanya kazi papa hapa Afrika Mashariki, Denis Burkitt, Mkristo hodari, aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Yeye hakuwa na simu ya mkononi. Alipeleka barua na picha za wagonjwa kwa madaktari wa serikali na wa misheni, akiuliza: je, huko kwenu mmeuona? Mwaka 1961 akaingia garini na wenzake wawili, wakasafiri maili 10,000 hivi. Wakagundua kwamba uvimbe huo hupatikana zaidi penye joto na mvua, palipo na malaria nyingi, na pwani yetu ni mojawapo. Aghalabu huanza kama jino linalolegea; mtoto hung'olewa jino, na uvimbe huzidi. Lakini ukiwahiwa, dawa huuyeyusha.

Basi kama dawa iko, mbona watoto wanakufa? Jibu moja ni kwamba wengi huanza matibabu wasiyamalize. Katika hospitali ya rufani ya Moi kule Eldoret, waganga walifuatilia watoto waliougua kati ya mwaka 2007 na 2009, wakaona zaidi ya nusu waliacha njiani. Msiharakishe kuwalaumu wazazi. Kansa ya damu huchukua miaka miwili au mitatu kutibiwa. Mama atokaye Chengoni hupanda boda boda mpaka barabara kuu hapa Samburu, kisha matatu hadi Mombasa, kisha hulala hospitalini majuma, na nyumbani ameacha wengine watano na mbuzi. Mtoto akipata nafuu kidogo, uvimbe ukanywea, watu husema amepona. Hapo ndipo safari hukatika, na hospitali haina habari.

Sasa sikilizeni jambo lililofanyika katika nchi yetu, ijapokuwa lilikuwa la ugonjwa mwingine. Kati ya mwaka 2007 na 2009 wagonjwa 538 walioanza dawa za UKIMWI katika zahanati za Kenya waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipelekewa kila juma ujumbe wa simu wa neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu katika muda wa saa 48, "Sawa" au "Shida." Aliyejibu shida, na aliyenyamaza pia, alipigiwa simu na mwuguzi. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2010: waliotumia dawa sawasawa katika kundi hilo walikuwa 62 kwa kila 100, na katika kundi lisilopelekewa ujumbe walikuwa 50.

Mimi naliona neno "Shida" kuwa ndilo lenye thamani kuliko yote hapo. Mama ameruhusiwa kulitamka bila kuonekana mkosa shukrani. Tena angalieni kwamba kimya nacho kilihesabiwa kuwa jibu.

Kwa mtoto mwenye kansa, shida kubwa ina jina: homa. Dawa ziuazo kansa hupunguza pia askari wa damu, na mtoto huyo hana kinga. Joto likifika nyuzi 38 si la kumpa panadol na kungoja asubuhi, hata kama ni usiku na hata kama mnadhani ni malaria. Ni la kupiga simu wodini saa ile ile na kuondoka. Nyumba isiyo na kipimajoto imwendee mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wapatao 100,000 wenye mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari za nyumba wanazozitembelea.

Kamera ya simu nayo ina kazi yake. Bwana mmoja wa Marekani, Bryan Shaw, mwalimu wa kemia, alipekua picha za mwanawe mchanga baada ya kuambiwa ana kansa ya jicho, akaiona mboni ikimeta nyeupe tangu mtoto alipokuwa na siku 12. Mwaka 2014 programu ya kutafuta weupe huo katika picha ikatolewa. Lakini wewe huhitaji programu. Picha ya mwanga ikionyesha mboni moja nyeupe mara kwa mara, mpeleke mtoto apimwe. Pengine si kansa. Na apimwe hata hivyo.

Simu hiyo hiyo huleta nauli kwa M-Pesa, na kwa *147# hukuandikisha katika bima ya SHA iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Jiandikisheni kabla ya kuugua. Huleta vilevile jumbe za matapeli wa dawa za miti, na, nasema kwa huzuni, za wahubiri wanaomwamuru mama aache dawa ili aonyeshe imani. Zifuteni.

Tena simu mara nyingi ni ya baba, naye yuko kazini Mariakani, au imezimika chaji. Umoja wa Akina Mama unaweza kumteua dada mmoja ambaye nambari yake itaandikwa hospitalini pamoja na ya mzazi, ujumbe ukikosa jibu apigiwe yeye, atembee mpaka nyumbani kuuliza. Na nambari ya wodi iandikwe ukutani kwa makaa, juu ya kitanda cha mtoto, mahali ambapo hata jirani atakayeitwa usiku ataisoma.