Soketi ya treni inahitaji mwenyewe

Abiria wa masafa marefu nchini India wanaijua vizuri adha hii: soketi ipo ukutani, chaja imechomekwa, na simu haipati kitu. Wengi hudhani treni haina umeme wa kutosha, lakini hesabu inakataa. Chaja ya kawaida ya simu hula wati 10 hadi 20. Behewa lenye kiyoyozi na vitanda 72, abiria wote wakichaji kwa mpigo, halifikishi wati 1,500, kiasi ambacho birika moja la umeme hukimaliza jikoni. Kiyoyozi cha behewa hilohilo kinakula mara nyingi zaidi ya hapo, na kinafanya kazi. Umeme upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwajibika kwa soketi.

Tuufuate umeme wenyewe. Katika mabehewa ya zamani, altaneta iliyofungwa chini ya behewa huzungushwa na ekseli na kujaza betri za volti 110. Treni ikisimama kwa muda mrefu, betri pekee ndizo hubeba taa na feni. Mabehewa mapya hulishwa na behewa la jenereta, au siku hizi na kichwa cha treni, ambacho huchota umeme kwenye waya wa juu wa volti 25,000. Waya huo una sehemu fupi fupi zisizo na umeme, na treni huzivuka kwa mserereko, hivyo chaja inaweza kuzima sekunde chache kisha ikarudi. Hilo halimuumizi mtu. Soketi iliyokufa safari nzima ina kisa kingine. Ndani yake mna vibanio vya shaba vinavyoshika miguu ya plagi. Mtikisiko wa reli na maelfu ya mikono huvilegeza, hadi abiria anakunja kikaratasi na kukichomeka chini ya plagi ili ikae. Au soketi kadhaa zimefungwa kwenye bureka moja, chaja mbovu ya mtu mmoja ikaleta shoti, na wote wakabaki bila umeme mpaka fundi afungue kabati na kuirudisha. Matengenezo ya namna hiyo si ghali. Ni ya kukumbukwa tu, na soketi haikumbukwi kwa sababu treni huondoka hata ikiwa mbovu.

Wapo wanaosema soketi ni hatari, bora zipungue. Hofu hiyo ni ya haki, maana moto ndani ya behewa linalokimbia huua. Mwezi Machi 2021, kanda ya Western Railway ya India iliamua kuzima soketi za kuchajia kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri kwa ajili ya usalama. Lakini kinachopata moto na kutoa cheche mara nyingi ni kibanio kilicholegea, kwa hiyo kukagua soketi ni sehemu ya kuzuia moto. Birika na pasi huzuiwa kwa kifaa kinachokata umeme mzigo ukizidi. Tena, soketi inayozimwa kwa saa zilizotangazwa haimsumbui abiria kama ile isiyotabirika. Anajua achaji lini.

Wengine humwambia abiria anunue pawa benki. Si kila mtu anaimudu, na yenyewe ni betri ya lithiamu, moja ya vitu vinavyoweza kuwaka vibaya. Pia tiketi na pesa vimehamia kwenye simu. Anayeshuka usiku stesheni ya mbali na simu iliyozima hawezi kumpigia mwenyeji wake wala kulipa bodaboda. India imeshakubali uzito wa jambo hili: katika mfumo wa malalamiko wa RailMadad, ubovu wa soketi unaweza kuripotiwa kama ule wa taa na feni.

Kwetu Tanzania, reli ya kisasa (SGR) ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza safari mwaka 2024, nayo inatumia volti 25,000. Mabehewa bado ni mapya, na huu ndio wakati rahisi wa kuandika soketi kwenye orodha ya ukaguzi wa karakana: fundi apite na kipima umeme kila kiti, abadilishe kibanio kilicholegea, aandike namba ya kiti na kuweka sahihi yake kabla behewa halijarudi kazini.