Kinundu cha Rovu na Kipimo cha Hatari ya Saratani

Rovu ni uvimbe wa tezi iliyo mbele ya shingo, chini ya koromeo. Tezi hiyo hutengeneza homoni ziongozazo joto na nguvu za mwili, nayo haiwezi kuzitengeneza pasipo madini joto, yaani iodini. Watu wa Nyasho, mjini Musoma, hukaa kando ya Ziwa Viktoria. Lakini samaki wa maji baridi hawana iodini nyingi kama wale wa baharini. Kwa hiyo kinga yao kubwa ni chumvi iliyotiwa madini hayo, ambayo Tanzania iliilazimisha kwa sheria katika miaka ya 1990.

Tezi ikosapo iodini hukua, na pengine hufanya vinundu. Mwenye kinundu huuliza neno moja tu: je, hii ni saratani? Jawabu lina uzito, kwa kuwa kumpasua kila mtu ni dhara, na kumwacha kila mtu ni dhara vilevile. Vinundu vilivyo vingi havina saratani: katika kila 100 vichunguzwavyo, vyenye saratani ni kama 7 hadi 15.

Hatua ya kwanza ni maswali na mkono wa daktari. Hatari huzidi kwa mtoto, kwa aliyepata kupigwa mionzi shingoni utotoni, na kwa mwenye ndugu aliyeugua saratani hiyo. Kinundu kigumu kisichosogea, kikuacho upesi, au kiambatanacho na sauti kukauka au mitoki shingoni, hakifai kungojewa.

Hatua ya pili ni damu. Ikionekana kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi, huenda kinundu chenyewe ndicho kitoacho homoni; na kinundu cha namna hiyo ni nadra kuwa saratani.

Hatua ya tatu ni picha ya ultrasaundi. Kinundu kilicho mfuko wa maji matupu hakitishi. Kilicho kigumu, cheusi kuliko tezi yenyewe, chenye kingo zisizo sawa, chenye kimo kuliko upana, au chenye vitone vya chokaa, hutiliwa shaka. Kwa mpango uliotolewa Marekani mwaka 2017, chenye shaka kubwa huchomwa sindano kifikapo sentimeta 1, na chenye shaka ndogo kifikapo 2.5.

Sindano hiyo nyembamba hufyonza seli, nazo hupangwa katika madaraja sita ya Bethesda, yaliyotolewa upya mwaka 2023. Daraja la kwanza maana yake seli hazikutosha, na sindano hurudiwa. La pili ni salama: hatari yake ni kama 4 kwa 100, na mgonjwa huangaliwa tu. La tatu ni kama 22, la nne 30, la tano 74, na la sita 97. Katika daraja la nne sindano haiwezi kukata shauri, kwa sababu aina moja ya saratani hujulikana tu kwa kuona kama imepenya gamba la kinundu. Aina hiyo huonekana zaidi penye upungufu wa iodini. Kwa hiyo mara nyingi hapana budi kuondoa nusu ya tezi na kuichunguza.

Kupita kiasi nako kuna hasara. Korea ya Kusini ilipopima watu wazima kwa wingi, saratani zilizogunduliwa mwaka 2011 zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993, lakini vifo havikupungua. Aliyeondolewa tezi yote humeza vidonge vya homoni maisha yake yote, na pengine hudhurika mshipa wa sauti.

Mgonjwa wa Nyasho husafiri zaidi ya kilomita 200 kufika Bugando, Mwanza. Kwake yeye kupambanua vema ni akiba ya fedha na ya mwili: asiyehitaji kisu hubaki na tezi yake, naye akihitajiye hufika mapema.