Kufuga Adui wa Muhogo

Mkulima wa Chiwata, huko Masasi ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, akiambiwa kwamba fedha za umma zimepata kutumika kumfuga, kumlisha na kumzidisha mdudu anayeangamiza muhogo, atakuwa na haki ya kushangaa. Hatuna budi kumweleza, na pamoja naye wale wanaoshika kalamu ya bajeti.

Mdudu huyo ni kidung'ata wa muhogo, kidudu cheupe kana kwamba kimegaragara ungani. Asili yake Amerika ya Kusini. Alionekana maeneo ya Kinshasa na Brazzaville mwaka 1973, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha alikuwa amekwisha kuingia Tanzania. Wote ni majike, na kila mmoja hutaga mamia ya mayai bila kuhitaji dume. Wakati wa kiangazi hunyonya ncha za mmea, majani yakajikunja, kisamvu kikapotea, na pingili za kupanda zikaharibika. Uwandani, ambako maji ni ya shida na muhogo ndio kinga ya njaa, hasara hiyo si ndogo.

Kununua sumu kila msimu kungemfilisi mkulima. Wataalamu wakamfuata mdudu hadi kwao. Mwaka 1981 Anthony Bellotti alimkuta Paraguay, na hukohuko akapatikana nyigu mdogo sana ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata. Mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake hata libaki ganda kavu. Mwaka huohuo nyigu hao waliachiliwa Nigeria, katika kazi iliyoongozwa na Hans Herren kutoka Ibadan, na baadaye katika nchi nyingi za Afrika, ambako madhara yalipungua sana.

Lakini nyigu hawekwi ghalani kama mfuko wa mbolea. Hawezi kulea watoto wake ila kwa kidung'ata. Kwa hiyo maabara, kama ile ya Kibaha, hupanda muhogo vyunguni, huuambukiza wadudu, hungoja wakue, ndipo huwaingiza nyigu. Chumba cha wadudu hufungwa kwa nyavu laini, maana nyigu wakipenya mapema humaliza mifugo yote. Humo rafiki ndiye mwizi! Na mwangalizi akikosekana siku chache, muhogo hunyauka, wadudu hufa, na nyigu huwafuata.

Hapo ndipo tunapowaomba wakubwa wa ofisi watusikilize. Fedha ya jengo hupatikana upesi. Ya vyungu, maji na posho ya mtumishi wa siku ya Idi huchelewa. Kizazi cha nyigu hakingoji robo ya pili ya mwaka.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao wasidhani bahari ni ukuta. Wadudu wa jamii hii husafiri na pingili na matunda. Mwaka 2016 kidung'ata wa mipapai, mwenye asili ya Amerika ya Kati, aligunduliwa Kenya. Nyigu wa muhogo hamfai huyo. Anataka nyigu wake mwenyewe, naye pia afugiwe chakula. Basi pingili zinazoteremshwa bandarini zikaguliwe kabla ya kupandwa, na chumba cha wadudu kipewe fungu lake katika bajeti, lisiloguswa hata katika mwaka ambao muhogo umestawi.