Wati Tano Kutoka Magofu ya Kale

Tarehe 17 Septemba 1901, dhoruba iliiangusha milingoti 20 iliyokuwa imesimama kwa duara huko Poldhu, pwani ya Cornwall, Uingereza. Kila mmoja ulikuwa na urefu wa mita 60 hivi. Ilikuwa mali ya Guglielmo Marconi, aliyekuwa akijiandaa kurusha ishara za redio kuvuka Atlantiki. Badala ya kuahirisha, alisimamisha milingoti miwili, akaning'iniza nyaya kati yake, kisha akapanda meli kwenda St John's, Newfoundland.

Tarehe 12 Desemba alikuwa juu ya kilima cha Signal Hill, ndani ya hospitali iliyoachwa. Nje, tiara ilikuwa imeshikilia angani waya wa mita 150 hivi. Marconi alisema alisikia nukta tatu, herufi S ya alama za Morse, kutoka Poldhu iliyo umbali wa kilomita 3,400 hivi. Mpaka leo wapo wataalamu wanaotilia shaka kama kweli aliisikia. Kisicho na ubishi ni ukubwa wa gharama na mitambo: umeme wa Poldhu peke yake ulifikia kilowati 25 hivi.

Leo Signal Hill ni eneo la kihistoria la taifa la Kanada, na wanaredio wa ridhaa wa Newfoundland huendesha kituo chao, VO1AA, kutoka mnara wa Cabot uliopo kileleni. Poldhu nako klabu ya mahali hapo hurusha ishara kwa alama ya wito GB2GM, herufi mbili za mwisho zikiwa za jina la Marconi. Bahari ni ile ile, lakini mahitaji yamepungua mno. Siku ambayo anga imekubali, redio ya wati 5 inayoingia kwenye begi la mgongoni huweza kuivuka. Hiyo ni sehemu moja tu kati ya 5,000 ya nguvu za Marconi.

Siri imo katika masafa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwabana wanaredio wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, yaliyodhaniwa wakati huo kuwa hayana faida. Desemba 1921, Mmarekani Paul Godley, akiwa amepiga hema Ardrossan, Scotland, aliwasikia wenzake waliokuwa Connecticut. Novemba 1923, Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, alijibizana na Fred Schnell wa Marekani kwa mawimbi ya mita 100 hivi, na hayo yakawa mawasiliano ya kwanza ya pande mbili ya wanaredio wa ridhaa kuvuka Atlantiki. Mawimbi mafupi, ilibainika, hupanda hadi tabaka la juu la anga lililochajiwa na jua, yakageuzwa na kurudi duniani mbali sana. Mwaka uliofuata, Edward Appleton alithibitisha kwa majaribio kuwa tabaka hilo lipo, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Hesabu nayo humpendelea mwenye nguvu ndogo. Redio ya kawaida ya nyumbani kwa mwanaredio hurusha wati 100. Ukishuka hadi wati 5, umepunguza nguvu mara 20, lakini msikilizaji wa mbali huona mshale wa redio yake ukishuka kwa alama mbili na ushei kwenye kipimo chenye alama tisa. Kama mwanzoni alikusikia vizuri, bado atakusikia. Wanaredio huuita mtindo huu QRP, na wengi wao hupendelea Morse, kwa kuwa mlio mwembamba wa nukta na vistari hupenya kelele pale sauti ya mtu inapozama.

Vifaa havijazi meza. Yaesu FT-817, iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutoa wati 5 na hubebwa begani kwa mkanda. Huongezwa betri ndogo, kibonyezo cha Morse, na waya wa mita 10, ambao ni nusu ya wimbi kwenye masafa ya megahezi 14. Waya huinuliwa kwa mlingoti mwepesi wa fibaglasi unaorefushwa kama ufito wa kuvulia samaki.

Lakini kwa nini wanaredio wengine hubeba vifaa hivi hadi kwenye magofu, ngome na viwanja vya vita? Sababu moja ni ukimya wa umeme. Mjini, chaja, taa za LED na vifaa vya sola hujaza masafa mngurumo, ilhali magofu mengi yako mbali na hayo. Sababu nyingine ni mchezo wenyewe. Mwaka 2016, idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ilipotimiza miaka 100, chama cha wanaredio cha ARRL kilihimiza watu kurusha kutoka maeneo yake, yakiwemo ya vita kama Gettysburg, na mawasiliano zaidi ya milioni moja yakaandikwa. Mpango wa Parks on the Air ulikua kutokana na shamrashamra hizo. Ndani yake, anayekwenda hifadhini lazima awasiliane na vituo 10 kwa siku moja ili safari yake ihesabiwe. Minara ya taa ina wikendi yake kila Agosti, na vinu vya kale vya Uingereza huwa na yao mwezi Mei.

Walinzi wa mambo ya kale wana masharti makali. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1979 inakataza kazi yoyote bila idhini kwenye eneo la kale lililosajiliwa. Marekani ilitunga sheria ya kulinda mabaki ya kale mwaka huo huo. Hivyo hakuna kupigilia vigingi ardhini wala kufunga waya ukutani. Mlingoti hushikizwa kwa mkono, kwa mawe yaliyoletwa na mgeni mwenyewe, au kwa stendi ya miguu mitatu.

Afrika Mashariki, hatua ya kwanza ni leseni, inayotolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, nchini Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya. Alama za wito za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z. Anayetamani kurusha kutoka Fort Jesus, ngome ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ataomba pia ruhusa ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ni vyema barua yake ieleze urefu wa mlingoti, mahali utakaposimama, na saa ambazo waya utakuwa juu.