Seva ya Muziki Nyumbani: Kutoka Kaseti hadi Tarakimu

Katika mji mdogo wa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, kama ilivyo kwingineko Usukumani, si ajabu kukuta juu ya kabati boksi la kaseti ambazo hazijapigwa kwa miaka mingi. Baadhi yake ni za bendi, kama vile Tabora Jazz au Western Jazz, zilizonunuliwa dukani au kunaswa kutoka redioni. Nyingine zilirekodiwa na wenye nyumba wenyewe: mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno, harusi ya shangazi, au sauti ya babu akiimba nyimbo za kulima. Kaseti za aina ya kwanza huenda zikapatikana tena kwa njia nyingine. Za aina ya pili aghalabu hazina nakala popote duniani.

Nazo zinakufa. Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ni utepe wa plastiki wenye upana usiofika milimita 4, uliopakwa unga unaoshika usumaku. Gundi inayoushikilia unga huo huchakaa kwa joto na unyevu, na vumbi likiingia huukwaruza utepe kila unapopita mbele ya kichwa cha kusomea. Kishapu ni nchi kavu yenye jua kali na vumbi jingi, na juu ya kabati, chini ya bati, ndipo penye joto kuliko mahali pote nyumbani.

Njia mojawapo ya kuziokoa sauti hizo, na wakati huohuo kuzifanya zisikike tena katika kila chumba, ni kujenga seva ya muziki. Seva, licha ya jina lake geni, ni kompyuta tu iliyopewa kazi ya kutunza mafaili na kuyatoa kila yanapoombwa. Si lazima iwe mpya wala kubwa. Kompyuta ya zamani iliyoachwa pembeni yafaa. Yafaa pia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, ambayo hulingana na kadi ya benki kwa ukubwa na hutumia umeme kidogo sana. Huongezwa diski ya kutunzia sauti, ruta ya kusambaza mawimbi, na programu ya seva kama Navidrome au Jellyfin, ambazo zote mbili hutolewa bure. Simu ya mkononi au kompyuta yoyote iliyomo nyumbani huwa ndiyo redio ya kusikilizia.

Hapa watu wengi hukosea. Hudhani kwamba pasipo intaneti hakuna mtandao, hivyo hununua bando kwanza. Mtandao wa nyumbani ni kama kisima cha uani: maji yake hayapiti katika bomba la mji, wala hayasomwi na mita. Ruta huipa kila kompyuta na kila simu anwani ya ndani, ambayo mara nyingi huanza na tarakimu 192.168, na anwani za jumla hiyo zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu. Simu inapoomba wimbo, ombi hufika kwenye ruta, likapelekwa kwenye seva, na wimbo ukarudi kwa njia hiyohiyo, vipande vidogovidogo vinavyopigwa huku vingine vikiendelea kuja. Intaneti huhitajika siku ya kupakua programu, basi.

Tofauti ya gharama si ndogo. Muziki uliobanwa kwa kiwango cha biti 128,000 kwa sekunde hutumia karibu megabaiti 1 kwa dakika. Familia inayosikiliza saa 3 kwa siku kutoka intaneti itakuwa imetumia kiasi cha gigabaiti 5 kwa mwezi. Ikisikiliza kutoka seva yake haitumii bando hata kidogo.

Lakini utepe hugeukaje kuwa tarakimu? Redio-kaseti huunganishwa na kompyuta kwa waya kutoka tundu la vipokea sauti vya masikioni hadi tundu la kuingizia sauti. Kompyuta hupima nguvu ya sauti mara 44,100 kwa kila sekunde. Idadi hiyo haikubuniwa ovyo. Sikio la mwanadamu halisikii mitetemo inayozidi takriban 20,000 kwa sekunde, na ili mtetemo uweze kurudishwa kama ulivyokuwa ni lazima upimwe zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, zinazotosha kutofautisha ngazi 65,536 za nguvu. Kwa mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia, dakika moja huchukua zaidi kidogo ya megabaiti 10, na kaseti ya dakika 60 karibu megabaiti 635.

Ukubwa huo unaweza kupunguzwa. Mfumo wa MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi, na kilichotupwa hakirudi. Mfumo wa FLAC hupunguza ukubwa, mara nyingi kufikia karibu nusu, bila kutupa chochote. Kwa wimbo unaopatikana popote MP3 yatosha. Kwa sauti ya babu ni FLAC tu. Diski ya gigabaiti 500 itabeba kaseti zaidi ya 1,000 kwa mfumo huo, kiasi ambacho ni nyumba chache mno zilizonacho.

Kazi ngumu zaidi haimo katika mitambo, imo katika majina. Programu hizi huuliza msanii ni nani na albamu ni ipi. Ngoma ya Kisukuma haina albamu. Ina ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa wachezaji. Ina kundi, kijiji, mwaka, na mara nyingi mpinzani anayetupiwa vijembe katika wimbo. Afadhali ningi aandikwe penye msanii, kijiji na mwaka penye albamu, na mengine yote penye maelezo. Wanaojua majibu ni wazee. Faili lisilo na jina, hata likiwa safi namna gani, baada ya kizazi kimoja litakuwa kelele za watu wasiojulikana.

Yapo mambo ya nyumba yenyewe. Mawimbi ya ruta hupenya ukuta wa matofali yakipungua nguvu, ila bati huyarudisha. Kwa hiyo ruta iwekwe katikati ya nyumba, na jiko la nje lililozungushiwa mabati huenda lisifikiwe. Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, faili huweza kuharibika. Betri ndogo ya akiba huipa seva muda wa kuzimwa kwa utaratibu. Nakala ya pili iwekwe katika diski nyingine, nyumba nyingine, kwani mwizi na moto havichagui. Anayetaka kupiga nyimbo za bendi katika baa yake akumbuke kwamba hilo si tena jambo la nyumbani: linahusu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Kunakili hakuna njia ya mkato. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja, na kaseti 40 ni saa 40. Kabla ya kuanza, kichwa cha kusomea kisafishwe kwa pamba na spiriti. Utepe uzungushwe kwanza taratibu kwa kalamu kuona kama umenasa, na sauti isipandishwe hadi ikakwaruza, kwa maana mkwaruzo huo nao utaandikwa. Zianze kunakiliwa zile zisizo na karatasi ya dukani, zilizoandikwa kwa kalamu ya wino ubavuni, au zisizoandikwa kitu.